Arvid Tveiten, Aliyevunja Moja Ili Tuiamini ya Pili

Tangu Arvid alipohamia nyumba ya wazee mwaka 2022, banda lililo nyuma ya nyumba nyeupe ya barabara ya pili, hapa Lund Prairie, limekaa kimya. Wengi wenu mnajua kimya hicho kina uzito gani. Kwa zaidi ya miaka sitini, Jumamosi asubuhi mji huu uliamshwa na sauti ya chuma kugongwa mara moja juu ya fuawe, kisha utulivu, kisha mara moja tena. Arvid alikuwa anasikiliza. Sasa Jumamosi hakuna anayegonga, na baadhi yetu huchelewa kuamka.

Marehemu Arvid Konrad Tveiten alizaliwa tarehe 11 Novemba 1937 katika shamba la wazazi wake, maili nne kaskazini mwa mji huu, jimbo la Minnesota, wiki ile theluji ya kwanza ilipofunga barabara. Alikuwa mtoto wa tano wa Konrad na Gunda Tveiten, na alibatizwa katika kanisa hili baada ya barabara kufunguka.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa njia panda ya shamba la Espeseth, kisha sekondari hapa mjini, akamaliza mwaka 1955. Mwalimu wake wa kwanza aliwahi kuandika katika ripoti kwamba Arvid hafanyi hesabu mpaka kwanza aichunguze penseli. Alikaa mwaka mmoja katika chuo cha ufundi, akarudi nyumbani, na mwaka 1957 akaajiriwa kuwa fundi katika ghala la nafaka la ushirika. Alilihudumia kwa miaka arobaini na moja. Hakuna mkanda, gurudumu wala kapi mle ndani ambalo hakulijua kwa mlio wake.

Tarehe 20 Juni 1964 alimwoa Mardell Skogen. Katika zawadi za harusi kulikuwa na seti ya bisibisi kutoka duka la bei poa, na siku ya tatu ya ndoa bibi harusi alimkuta mumewe bandani amebana mojawapo kwenye jiliwa, anaikunja.

"Arvid! Hiyo ni zawadi ya shangazi yangu!"

"Nataka nijue inavunjika wapi."

"Na mimi utanipima kwa tupa? Maana nikisikia hiyo tupa inanikaribia, narudi kwa mama."

Walikaa pamoja miaka arobaini na saba, mpaka Mardell alipotangulia mwaka 2011. Hakurudi kwa mama hata siku moja.

Sasa niseme juu ya kazi ile nyingine, ambayo hakuajiriwa na yeyote kuifanya. Katika miaka ile maduka ya zana za bei poa yalianza kufunguliwa mjini na kando ya barabara kuu, mengine ndani ya mahema. Wakulima wetu hawakuwa watu wa kutupa pesa, na zana zile zilikuwa za rangi nzuri. Nyingine zilikuwa nzuri kweli. Nyingine zilikuwa udongo uliopakwa rangi ya chuma. Nani angejua? Arvid alijua, na namna alivyojua ndiyo iliyotufanya tusimame mlangoni mwa banda lake, watu wazima na watoto.

Alinunua kila kitu viwili. Kimoja cha kuvunja, kimoja cha kutumia, kama kile cha kwanza kimekufa kwa heshima. Kwanza alikipima mkononi, macho amefumba. Kisha alikigonga juu ya fuawe na kuinamisha kichwa. Kisha aliipitisha tupa pembeni: ikiteleza, chuma kimekomaa, ikiuma, chuma ni jibini. Mwisho alikipeleka kwenye boliti iliyoshikwa na kutu katika ekseli ya plau kuukuu, boliti ambayo haikuwahi kufunguka, na hakutaka ifunguke. Alitaka kuona kati ya spana na boliti nani ataomba msamaha. Baada ya hapo alichukua brashi. Mstari wa kijani kwenye mpini: nunua. Wa manjano: kwa kazi moja, kisha mpe adui yako. Mwekundu: acha hukohuko dukani.

Mzee Gordon Espeseth alimletea siku moja seti nzima ya spana zinazong'aa.

"Arvid, hebu tazama zinavyowaka!"

"Hata kijiko cha mkeo kinawaka, Gordon. Utafungulia nati za trekta?"

"Lakini nimeshazinunua."

"Basi utakuwa na vijiko kumi na viwili."

Sheria yake ilikuwa fupi. "Kikivunjika kikakuudhi, nunua cha bei poa. Kikivunjika kikakuzika, nunua ghali." Kwa hiyo nyundo, koleo, vibano, brashi za waya, toroli ya kubebea zana, hivyo alivihukumu na kuvisifu bila aibu. Vitu vya kuinua na kushikilia uzito hakuvigusa.

Isipokuwa mara moja, na hiyo hakupenda ifichwe. Mwaka 1977 duka moja la zana la barabara kuu lilileta stendi za chuma za kuegemezea gari likishanyanyuliwa kwa jeki. Zilikuwa nusu ya bei. Arvid alinunua jozi, akaliweka trekta la ghala juu yake, akaliacha siku thelathini. Hazikutikisika. Alipaka mstari wa kijani. Jozi kumi na moja zikaingia katika mashamba ya watu wa kanisa hili kwa sababu ya mstari ule.

Mwishoni mwa Septemba 1978 aliingia tena dukani kununua misumari, akainua stendi kama ile. Boksi lilelile, rangi ileile. Mkono wake ukakataa. Ilikuwa nyepesi kidogo, kiasi ambacho mimi na wewe tusingekihisi. Akainunua, akaipeleka bandani, akaitia tupa kwenye meno yanayoshikilia uzito, na tupa ikauma.

Hakujua ni nani amenunua zile za mwanzo na nani amenunua zile za baadaye. Wenyewe walikuwa hawajui pia. Wiki ile yote, baada ya kazi, alizunguka nyumba kumi na moja. Nanyi mnatujua tulivyo. Sisi ni watu ambao tungeacha nyumba iungue kuliko kumwaibisha jirani.

"Nimekuja kuchukua zile stendi. Nilikosea."

"Aa, usijisumbue, Arvid. Zinafaa tu."

"Hazifai."

"Basi kaa kwanza unywe kahawa."

Siku sita, nyumba kumi na moja, vikombe vya kahawa visivyohesabika, na jozi mbili tu za stendi. Watu walikuwa wanamfariji. Baadaye ilijulikana kwamba wawili kati yao walikwisha kuona jino limemeguka katika stendi zao na walikuwa wamenyamaza, na mmoja alipoliona gari la Arvid linakuja aliigeuza stendi ili upande uliomeguka utazame ukuta. Alifanya hivyo kwa upendo. Huo ndio upendo wetu, na siku ile ulikuwa hatari kuliko chuma.

Jumapili tarehe 8 Oktoba 1978, mchungaji alipokuwa anatangaza chakula cha jioni cha vibonge vya nyama, Arvid alisimama. Katika kanisa hili hakuna mtu aliyewahi kusimama wakati wa matangazo. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Stendi nilizosema ni nzuri, si nzuri. Nimewadanganya bila kukusudia. Msinipe kahawa. Nileteeni stendi kabla ya Jumamosi jioni, na mtu asilale chini yake." Kisha akakaa, na Mardell akamshika mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo nalo halikuwahi kutokea hapa.

Hadi Jumamosi mchana jozi kumi zilikuwa zimefika uani kwake. Iliyobaki ilikuwa ya Verlyn Skogen, mdogo wake Mardell. Ilikuwa majira ya kuvuna viazisukari, na Verlyn hakuwa kanisani. Habari zilimfikia, lakini alimwambia mkewe, "Zangu ni zile za kwanza, hazina neno."

Arvid alipofika shambani kwa Verlyn alikuta lori limesimama juu ya stendi mbili, na miguu ya shemeji yake imetokeza chini yake. Hakupiga kelele. Alisema baadaye kwamba mtu aliyeshtuka huvuta alichokishika. Alirudi garini taratibu, akachukua magogo ya mwaloni aliyokuwa anazunguka nayo wiki nzima, akalala kifudifudi kwenye kokoto.

"Verlyn."

"Shemeji! Nisogezee hiyo spana."

"Nitakusogezea. Kwanza nikuulize. Viazi vyenu mwaka huu vina sukari?"

Verlyn alicheka mle chini. "Umekuja kulala kwenye kokoto uniulize sukari?"

"Dada yako anataka kujua." Gogo la kwanza lilikuwa limeingia chini ya ekseli. "Na mvua ya Jumanne iliwaachia tope?"

"Tope tele. Mbona leo una maneno mengi hivi? Umelewa?"

"Bado." Gogo la pili, la tatu, la nne. Alilisukuma la mwisho kwa kiganja mpaka likagusa chuma. "Sasa toka."

"Sijamaliza."

"Toka, Verlyn. Toka nikuone uso."

Alitoka, amejaa grisi na hasira. "Si wewe mwenyewe ulisema ni nzuri?"

"Nilisema."

"Basi?"

"Basi nimekosea mimi. Usilipe wewe."

Jumatatu iliyofuata, ghalani, Arvid aliiweka stendi ya Verlyn chini ya mashine ya kushindilia, na wanaume kama kumi na watano wakasimama kuizunguka. Iliachia kabla ya kufika nusu ya uzito ulioandikwa kwenye boksi. Haikutoa mlio mkubwa. Ilikuwa kama mtu amevunja kijiti kikavu. Mmoja alivua kofia, kisha mwingine. Verlyn alitoka nje akakaa kwenye ngazi, na Arvid akaenda kukaa kando yake. Mkewe Verlyn alikuwa na mimba ya miezi miwili ambayo hakuwa amemwambia mtu. Anayewasomea maneno haya ndiye aliyezaliwa Mei ya mwaka uliofuata.

Baada ya siku ile Arvid hakuhukumu tena kitu kinachoshikilia uzito juu ya mtu. "Hapo sina jicho," alisema, "nunua ghali upate usingizi." Na vile alivyoendelea kuvihukumu, alivinunua upya kila mwaka na kuvivunja upya, kwa kuwa boksi halijui kilichomo. Lakini badiliko kubwa lilikuwa letu. Watu walianza kumletea vilivyovunjika. Waliingia bandani wakasema, kwa shida, wakitazama viatu vyao, "Arvid, hii uliyoisifu imenikatikia." Naye alifurahi kama mtu aliyeletewa keki.

Mwaka 2019 vidole vyake vilianza kupoteza hisia, ganzi iliyopanda polepole kutoka nchani. Hakulalamika. Aliendelea kwa masikio. Mwaka 2022 alihamia katika nyumba ya wazee, na siku ya kwanza muuguzi alipomsukuma kwenye kiti cha magurudumu alimwambia, "Mwanangu, breki ya kushoto itakuacha." Wakaitazama, wakakuta parafujo moja imelegea. Kufikia Krismasi alikuwa amesikiliza viti vyote vya ukumbi ule, kimoja kimoja, kichwa kimeinama, na wauguzi walikuwa wanampangia foleni. Mwezi Januari mwaka huu alipata kiharusi. Alifariki Jumanne tarehe 20 Februari 2024, saa kumi na moja alfajiri, binti yake akiwa pembeni.

Alitanguliwa na wazazi wake, mkewe Mardell, na ndugu zake wanne. Ameacha binti yake Renae na mume wake Curtis, wajukuu watatu, kitukuu mmoja aliyezaliwa Novemba iliyopita, na shemeji yake Verlyn Skogen, mwenye umri wa miaka sabini na saba, ambaye amekuja leo kwa miguu yake na ameketi safu ya pili, pamoja na watoto wake wanne, wajukuu wake kumi na mmoja, na vitukuu wawili.

Bwana ampe kupumzika, bila wasiwasi tena kwa ajili yetu. Ardhi bado imeganda, kwa hiyo mazishi yatafanyika mwezi Mei. Kwa sasa Arvid amelazwa katika chumba cha mawe kilicho kona ya kaskazini ya makaburi ya kanisa hili.