Funda Katikati ya Neno

Benchi lilikuwa nje ya kibanda cha kinyozi, kivulini, na Bi Birika, muuza kahawa wa hapo, alikuwa na sheria moja tu: neno mpira halitamkwi. Siku wateja walipobishania penalti birika lake lilipigwa teke likavunjika mdomo, na tangu hapo anayelitamka anamwagiwa kahawa yake chini, awe mteja wa miaka au mpita njia. Mwisho wa benchi, mtandao wa kinyozi unaposhika vizuri, alikaa Mama Kidogo, kompyuta ya kuazima magotini, mwanawe kalala kifuani, na haraka anayo, maana mtihani wa kazi unafungwa jioni hii, na akifaulu anapata kazi ya kufanyia nyumbani, na akishindwa kesho anaingia kiwandani zamu ya usiku na mtoto anakwenda kulelewa na mama mkwe, ambaye mfuko wa nguo za mtoto ameshaupanga, ameshaufunga na zipu.

— Tueleze tena, shem, akasema Chaja, fundi simu. Huyo mlinzi ni mtu?

— Si mtu, shemeji, ni programu. Kuna kompyuta wenye mtihani wameifunga makusudi, iko huko mbali, mimi naiandikia amri nikiwa hapa. Ndani kuna faili linaitwa bendera, natakiwa nilisome, basi, nilisome tu! Neno la kusomea ni cat. Nikiliandika, mlinzi analiona, ananiambia neno hili haliruhusiwi. Nimejaribu na mengine, yote kayakataza, na jua ndiyo hilo linashuka.

— Umeingia bila kubisha hodi, akasema Mzee Saruji, mwashi, vumbi la kazi bado nyusini. Mwamkie kwanza.

— Nimwamkie programu, baba?

— Umeshajaribu ikashindikana?

Hakuwa amejaribu. Akaandika shikamoo, na kioo kikajibu: amri haijulikani.

— Umeona! Hakusema haliruhusiwi!

— Kweli, akanong'ona Mama Kidogo, mtoto asiamke. Mlinzi kaliachia. Aliyeshindwa ni kompyuta yenyewe, iliyo nyuma yake, haijui shikamoo ni kitu gani.

— Kumbe wako wawili humo! Chaja akavuta kikombe. Basi mvizie yule wa mbele akisinzia. Hakuna mlinzi asiyesinzia jua likianza kupoa.

— Mimi nililinda ghorofa likijengwa, akasema Mzee Saruji. Ukikaa sana mlangoni, mlango unaanza kutembea. Unaamka umelinda ukuta. Huyo wako pengine keshahama, analinda faili la mtu mwingine.

— Nyie wanaume hamjui upweke, akasema Bi Birika, akipuliza makaa. Huyo hakatai. Anakuchelewesha. Watu wote wanampita mbio, hakuna anayekaa naye. Akikufungulia, utarudi kuzungumza naye?

Feni ya kinyozi ilizunguka ndani, mvuke wa kahawa ukapanda taratibu, na pumzi ya mtoto ikamjia shingoni, ya moto, na kwa kitambo Mama Kidogo akamwona huyo mlinzi kabisa, kasimama kwenye mlango usio na ukuta, mkononi kashika mfuko wenye zipu. Akashtuka.

— Mwacheni binti apumzike, akasema Chaja. Kwanza mimi mwenyewe sijalala. Jana huo mpi...

Akapiga funda, taratibu, akameza.

— ...ra ulikwenda mpaka dakika za nyongeza.

Mzee Saruji akaziba mdomo asicheke. Bi Birika akaendelea kumimina, uso mkavu, hakusikia kitu.

— Shemeji! Rudia!

— Thubutu! Nimwagiwe?

Mama Kidogo akaivuta kompyuta karibu. Alama mbili za nukuu zisizo na kitu ndani, alishasoma hilo, woga tu ulikuwa umelifunika: kompyuta inazimeza kimya kimya kama hazikuwepo. Mlinzi anasubiri neno zima. Ukilikata katikati kwa funda tupu, yeye haoni neno, na aliye nyuma analipata kamili. Akaandika c''at bendera, akabaki na kidole juu ya kitufe.

Kivuli kikaangukia kioo. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yao, mfuko begani.

— Nimekuja mapema. Nimchukue akiwa amelala, asilie.

Mama Kidogo akasahau hata shikamoo. Akabonyeza.

Mlinzi hakusema kitu. Mstari mmoja ukatokea, mweupe kwenye weusi: bendera, umeisoma, karibu kazini.

Benchi lilipiga kelele, Chaja akamwaga kahawa yake mwenyewe, na mtoto akafumbua macho.

— Kapita! Kampita mlinzi!

Mama mkwe akainama, akatazama kioo, akatazama barabara, akamtazama mkwewe.

— Kapita kwenda wapi? Mbona kakaa palepale?

Mzee Saruji akajifuta nyusi. Bi Birika akainamisha birika juu ya kikombe, halikutoa kitu.

Mama Kidogo aliunyoosha mkono mpaka begani kwa mama mkwe, akaikuta zipu, akaifungua polepole, akatoa sweta ya mtoto, na akaanza kumvalisha, maana jua lilikuwa limeshapoa. Mama mkwe akasimama hivyo hivyo, mfuko wazi. Kisha akamwambia Chaja asogee, apate pa kukaa.