Wimbo wa Mama Povu Ambao Hakuna Redio Iliyowahi Kuupiga

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, yote katika idara ya kufulia ya hospitali yetu, Mama Povu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Siku hiyo atavua aproni yake ya plastiki na kuitundika kwenye msumari ule ule ambao hakuna mwingine aliyewahi kuthubutu kuugusa. Kamati ya sherehe imeniagiza mimi, karani wa stoo ya mashuka, niandike wasifu wake kwa ufupi na bila kuchanganya mambo. La ufupi nitajitahidi.

Aliingia kazini akiwa msichana wa kukunja foronya. Akapanda hadi kwenye mashine, akawa msimamizi wa zamu, na hatimaye mkuu wa idara. Jina la Mama Povu lilitokana na sabuni. Wapo wanaodai lilitokana na maneno yanayomtoka akikuta sindano imesahauliwa ndani ya shuka. Kamati imeamua kutoingilia ugomvi huo.

Ni yeye aliyepigania nguo za chumba cha upasuaji ziwe na mikokoteni yao peke yake. Ni yeye aliyetuongoza kufua kwa mikono pampu ya maji ilipokufa, akaingia kwenye beseni yeye mwenyewe, sketi imefungwa kiunoni. Na ni yeye aliyekuta meno ya bandia ya mgonjwa mmoja yakizunguka na blanketi, akayasuuza na kuyarudisha wodini kwa heshima zote. Wiki iliyofuata mgonjwa akauliza kama yanaweza kufuliwa tena.

Mpaka hapo mambo yalikuwa shwari. Kisha kamati ikamuuliza swali jepesi: angependa apigiwe wimbo gani siku ya kuagwa?

Hakusita. Alitaka wimbo uliochezwa kwenye harusi yake, anaoupenda kuliko zote, ambao akiusikia hujiona bado bibi harusi aliyevaa viatu vya kuazima. Jina la wimbo halijui, wala la mwimbaji. Akauimba kidogo kwa pua, dijei wa sherehe akarekodi kwenye simu, akaenda zake kuutafuta akiwa na uhakika wote wa ujana. Alirudi na nyimbo tatu. Mama Povu alizisikiliza zote mpaka mwisho, kwa adabu, akasema hakuna hata mmoja.

Tukamwendea mumewe, dereva mstaafu. Naye akaapa kwamba wimbo ulichezwa harusini, tena watu walicheza mpaka vumbi likatimka. Lakini mzee huyo huyo akasema bendi siku hiyo ilichelewa, ikafika watu wameshakula na kunawa. Nilipomuuliza kama ni hivyo, nani aliupiga, akanijibu, "Wewe andika tu ulipigwa." Binti yao, ambaye ni mwalimu, akasema wazazi wake wote wawili wanakosea. Ule ni wimbo wa kubembelezea mtoto, alioulalia yeye mwenyewe. Mzee wa Pasi, anayenyoosha makoti ya madaktari tangu enzi na enzi, akakumbuka kuusikia redioni, halafu akakumbuka kwamba wakati huo hakuwa na redio. Matroni naye akadai ni wa kwaya ya chuo chao cha uuguzi.

Nikawaomba kila mmoja aniimbie. Loo! Sauti ikawa ile ile moja, maneno ndiyo tofauti. Kwa mume ni "zunguka, mama, zunguka". Kwa binti ni "lala, lala, umelala". Nilichanganyikiwa hadi nikaanza kuuimba mwenyewe nikihesabu mashuka, na hesabu ikagoma.

Mwanzoni Mama Povu alicheka pamoja nasi. Kisha akaacha. Wanaomfahamu wanajua kwamba mama yake, katika miaka yake ya mwisho, alikuwa akisimulia safari ambazo hakuwahi kusafiri, na wanawe akiwaita kwa majina ya majirani. Alasiri moja tukiwa tunakunja shuka, yeye upande wake na mimi wangu, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, niambie kweli. Akili yangu bado ipo? Mama alianza hivi hivi." Nikamwambia ipo. Ila nilichelewa kidogo kujibu, na yeye akaona.

Kesho yake aliiambia kamati iachane na wimbo, upigwe wowote tu. Mtu anayeweza kubishana nawe asubuhi nzima kuhusu kamba ya kuanikia, leo anasema wowote tu! Tuliogopa kuliko alivyoogopa yeye.

Sasa nimweleze Bi Kiguu, maana wageni wengi hawamjui. Ni mashine yetu kongwe, kubwa kama chumba, iliyofunikwa turubai kwenye kona tangu zilipoletwa hizi mpya zisizo na kelele. Beringi inayoshikilia ngoma yake ya kuzungushia nguo iliharibika zamani na haikupata kupona, kwa hiyo ngoma hiyo ikizunguka huchechemea: inakanyaga kwa nguvu, inasita, inakanyaga mara mbili upesi, inasita tena. Juzijuzi mashine mpya moja iligoma huku blanketi za wodi nzima zimerundikana. Fundi mitambo hakuwa na la kufanya, akamfunua Bi Kiguu na kumwasha.

Bi Kiguu akakohoa, akatema maji ya kutu, akaanza kuchechemea. Mzee wa Pasi akaanza kugonga pasi yake kwa kumfuata. Akina mama wa zamani waliokuwa wakikunja wakadakia. Kufumba na kufumbua chumba kizima kinaunguruma kwa wimbo ule, Mama Povu akiwa katikati anatikisa bega, na hakuna aliyekuwa amejua kwamba anaimba. Yeye ndiye aliyeshtuka wa kwanza. Akakaa juu ya kapu la nguo, akacheka na kulia kwa pamoja.

Wimbo haukutoka redioni wala kwenye bendi. Ulitoka humo chumbani. Ngoma ikizunguka waliimba zunguka, wakilaza mashuka mezani waliimba lala. Bendi ya harusi ilipochelewa, wenzake waliofika moja kwa moja kutoka zamu waligeuza ndoo za sabuni wakaupiga wao. Binti yake alilelewa ndani ya kapu la mashuka yenye joto. Matroni alikuwa mwanafunzi anayetumwa kuchukua foronya. Mashine mpya zilipokuja kimya, nasi tulioajiriwa baadaye hatukuurithi.

Likabaki moja: nani aliutunga? Mama Povu alisema ni Bibi Mkubwa, aliyekuwa mkuu wa idara kabla yake. Tukampigia simu, mjukuu wake akimpazia swali sikioni. Bibi alicheka mpaka tukadhani amepaliwa. "Mimi? Mimi hata kuimba sijui! Alikuja nao yule msichana wa foronya. Alikuwa anaiogopa ile mashine, basi akawa anaiimbia ili asiikimbie."

Msichana wa foronya tunamjua sote. Tulipomfikishia habari, alikana katakata, akasema Bibi amezeeka. Baadaye akalitazama lile turubai, akasema, "Kweli, niliiogopa sana."

Ndiyo maana, waalikwa wapendwa, sherehe imehamishwa kutoka ukumbini hadi uwanja wa kuanikia, na ndiyo maana dijei atapumzika kidogo baada ya hotuba ya mganga mkuu. Mlango utafunguliwa, Bi Kiguu atawashwa akiwa na blanketi tumboni. Anayeujua wimbo aimbe. Asiyeujua asubiri mashine ikanyage mara mbili, kisha aingie.

Mama Povu, asante kwa miaka yako, kwa mikono yako, na hata kwa povu lako. Akili yako ipo. Ulichosahau ni kimoja tu, kwamba wimbo ni wako. Uende nao nyumbani, tukikuombea afya, usingizi wa asubuhi usio na king'ora cha zamu, na mume asiyechoka kucheza. Bi Kiguu tumebaki naye. Tunaogopa kubaki bila wewe, kwa hiyo tutamwimbia.