Bi Hermelinda na Soksi za Kolibri

Tarehe 30 Juni, Bi Hermelinda Tituaña anastaafu baada ya kutupikia kwa miaka thelathini na moja hapa hifadhini Tandayapa. Miaka yote hiyo ametulisha vizuri na kutuchosha vibaya.

Chanzo ni kolibri mkia-raketi, kale kandege kadogo kuliko kidole gumba, kenye manyoya miguuni kama soksi. Huku magharibi ya milima soksi zake ni nyeupe. Kwao Bi Hermelinda, mashariki ya milima, chini ya volkano ya Sumaco, zina rangi ya kutu. Kwake yeye, hawa wetu ni wauguzi wa sare nyeupe waliopotea njia.

Mchoraji alipotuchorea bango la langoni, kolibri mmoja mwenye soksi nyeupe, Bi Hermelinda alichukua rangi nyekundu ya kutilia mchuzi akampaka ndege huyo miguu yote miwili. Mvua ikanyesha. Wanafunzi waliotutembelea wakamkuta ndege anachuruzika damu, wakaangua kilio.

Mkurugenzi wetu, Daktari Landázuri, alifoka: "Hermelinda, huna kazi!"

"Sawa, Daktari. Ila supu ya viazi inapoa. Kula kwanza, ndipo unifukuze."

Alikula. Alipoongezewa bakuli la pili, akakubali kwenda naye kwao kuwaona hao ndege wa soksi za kutu, wakiwapo. Walivuka milima kwa gari. Siku nzima wakaloa chini ya mti, hakuna ndege. Daktari akashikwa na mafua na hasira. Asubuhi ya pili kolibri akaja, akatua karibu na kofia yake, soksi zake kama kutu ya bati.

"Haya, mama, nimeona. Lakini ni ndege yuleyule, kabadili soksi tu."

"Yuleyule! Basi na mimi na wewe ni mtu mmoja?"

Walirudi wamenuniana, lakini kazi yake ikabaki, na bango likachorwa upya likiwa na ndege wawili, wa huku na wa kwao. Tulidhani tumepumua. Akaja, akalitazama, akasema wa magharibi amechorwa mnene zaidi.

Wiki iliyopita alikwenda kwao kutengeneza nyumba. Tulikunywa kahawa bila kugombezwa na mtu. Hakuna aliyemaliza kikombe chake. Daktari alisimama mlangoni mwa jiko, akauliza, "Anarudi lini?", ingawa ruhusa aliisaini mwenyewe.

Asante kwa kila bakuli, Bi Hermelinda. Uishi vyema huko kwenu, wenye soksi za kutu wajae uani kwako, na upate jirani mbishi kama wewe.