Kiuno cha Mbele au cha Nyuma?

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Sista Serwaah Nyantakyi, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji wa njia ya mkojo hapa Kumasi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba. Mimi ndiye ninayerithi nafasi yake, na ndiye niliyeombwa kumwandikia. Naandika nikiwa nimesimama, kwa sababu wiki nzima hii kiti hakikaliki.

Alianzia wodi ya wazazi, akahamishiwa kwetu bila kuulizwa. Madaktari wetu walipoanza kuwawekea vipandikizi wanaume ambao kisukari kimewamaliza nguvu, yeye ndiye aliyejifunza kukiandaa kifaa: mirija miwili ya mpira ya kuingia ndani ya uume, pampu ndogo ya kukaa kwenye korodani, na kifuko cha maji cha tumboni. Alitoa viputo vya hewa kimoja kimoja, Dokta Amankwatia akisubiri na kunung'unika.

Kijidudu kimoja kikiingia, kila kitu hutolewa. Kwa hiyo sheria ya Sista ni moja: boksi likishafunguliwa, mlango haufunguliwi. Mwaka fulani mkurugenzi alileta wageni waliovaa suti, akagonga. Sauti ya Sista ikamjibu kutoka ndani, "Bosi, subiri huko huko. Humu leo mkubwa ni huyu aliyelala."

Kukaa hajui. Pampu ya kufundishia iko siku zote mfukoni mwake, na huibonyeza hata vikaoni. Wagonjwa wanaporudi baada ya wiki sita kujifunza kuitumia, huwaambia, "Taratibu, baba. Hiyo si honi ya teksi."

Lakini tutakachokikosa zaidi ni swali lake. Kwetu mwanamume hasemi nguvu zimemwisha. Husema kiuno kinauma, na muuza dawa humwelewa. Sista alilijua hilo tangu utotoni. Hata hivyo, miaka mingi iliyopita, mwalimu wake wa zamani wa hesabu alipokuja akilalamikia kiuno, alimpeleka kwenye mazoezi ya viungo. Mtu mzito kama yule, nani angemdhania? Miezi minne mwalimu alilala mkekani akiinua miguu, kwa aibu tu, kisha akarudi na kumwambia, "Serwaah, kiuno kimenyooka. Kisichosimama ni kingine."

Wakati huo mkewe alikuwa amesharudi kwao, akiamini kuna mwanamke mwingine. Upasuaji ulifanikiwa. Mke hakurudi. Sista humsimulia kisa hiki kila muuguzi mpya, na mwishoni hacheki. "Heshima yangu ndiyo iliyomponza," husema.

Tangu hapo humuuliza kila mtu, awe mchungaji, chifu au polisi mstaafu: "Kiuno cha mbele au cha nyuma?" Wengine hucheka, mmoja alilia, lakini wote hujibu.

Jumatatu iliyopita alikuja mzee wa kanisa langu, kofia mkononi, akasema kiuno. Nami nikamwandikia mazoezi. Sista aliiona karatasi mezani kwangu. Alitoka mbio, na miaka sitini yake, akawapita wauza ugali wa kenkey, akamkuta mzee getini mguu mmoja uko ndani ya teksi. Akamrudisha, akamketisha mbele yangu, kisha akasimama nje ya mlango.

Nikauliza lile swali. Mzee aliiweka kofia yake juu ya meza yangu.

"Cha mbele, mwanangu," akasema. "Mwaka wa tatu huu."

Ameniruhusu niandike haya bila jina lake. Atapasuliwa Jumanne, na atakuwa wa kwanza bila wewe, Sista.

Naogopa, sifichi. Pampu yako nimeikuta juu ya meza yangu, na sasa ninavyoandika naibonyeza. Asante kwa wanaume wote waliorudi nyumbani vichwa juu, na kwa yule mmoja uliyekataa kumsahau. Nenda Mampong kwa wajukuu, ukajaribu kukaa kwenye kiti. Tunakutakia maisha marefu yenye furaha, na kiuno cha nyuma kisichouma.

Nakufahamu, Jumanne utakuja. Njoo, lakini usigonge. Boksi litakuwa limeshafunguliwa.