Dada Kwanini na Umeme wa Pikipiki

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1971, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani. Jina la Kwanini alipewa na baba, siku alipomuuliza kwa nini pasi hupoa lakini mama akikasirika hapoi.

Alisoma shule ya msingi hapa mtaani, kisha sekondari, na mwaka 1993 alihitimu ufundi umeme chuoni. Mtaa ulipofunga mitambo yake ya umeme wa jua, yeye ndiye aliyekabidhiwa usimamizi.

Mwaka 1997 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa pikipiki, wakajaliwa mabinti wawili.

Pikipiki za umeme zilipoingia, madereva wote walichaji jioni, saa ambayo kila nyumba imewasha taa. Umeme ukawa unazimika, hata kwenye zahanati, mama mmoja akiwa anajifungua. Kamati ya mtaa ikataka kupiga marufuku kuchaji pikipiki. Madereva wangekula nini?

Dada aliomba wampe nafasi. Aliona mchana umeme wa jua unabaki bila kazi, na madereva wanasinzia kituoni. Akawahamishia kuchaji mchana, na jioni pikipiki zilizoegeshwa zikawa zinarudisha umeme majumbani. Usiku wa kwanza mtaa mzima uliwaka taa. Ila alisahau kuweka kikomo cha umeme unaotolewa kwenye kila pikipiki. Asubuhi shemeji alirudi anakokota pikipiki, abiria nyuma yake akinung'unika.

"Mama watoto, majirani wametazama mpira kwa pikipiki yangu!"

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza, "Kwani asubuhi unahitaji chaji kiasi gani?"

"Sijui. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Akamuuliza dereva mmoja mmoja, akaweka kikomo. Kamati ikaacha marufuku yake.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Hospitalini, akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu, alimuuliza nesi, "Mwanangu, umeme ukikatika, mashine hii inadumu muda gani?"

"Mama, lala."

"Nijibu kwanza."

Nesi akaenda kuuliza. Dada alifariki tarehe 3 Juni mwaka huu, alfajiri.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na mdogo wake wa kiume, anayesoma wasifu huu. Ameacha pia swali: mawingu yakitanda siku nyingi, nani atangulie kuchaji? Jana hapa msibani madereva wamelibishania mpaka chai ikapoa.

Apumzike kwa amani. Hilo tutalimaliza sisi.