Sura Zikae Siku Ngapi?

Benchi yetu ya Kapsoya ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, mbele ya jiko langu la kahawa. Ng'ambo ya barabara, karibu na kinu cha posho, kuna mlingoti, na juu ya mlingoti kuna kamera ya polisi. Tangu ilipowekwa mwezi wa tatu, Paul hajavua kofia, ndiyo maana sasa tunamwita Kofia. Joash tunamwita Brashi kwa sababu huandika mabango ya maduka. Khisa ni Wakili, ingawa kazi yake ilikuwa kuwapigia mawakili chapa. Ni watu wazuri. Mtoto wangu Joyline akilia, mmoja wao humpakata bila kuombwa, nami huendelea kumimina. Alhamisi hiyo msaidizi wa chifu alikuwa ametuachia fomu ya maoni ya wananchi kuhusu sheria inayotungwa, ya jinsi polisi watakavyotumia mashine za kutambua sura. Angeirudia saa kumi na moja jioni. Brashi alishika kalamu, maana mwandiko wake ndio unaosomeka.

— Swali la kwanza, Brashi akasoma. Polisi waruhusiwe kutambua watu kwa mashine mahali pa umma?

— Andika hapana, akasema Kofia. Andika kubwa.

— Ngoja kwanza, akasema Wakili. Walioiba pikipiki ya jirani yetu Kavetsa watashikwaje?

— Kwani zamani walikuwa wanashikwa na nini? Si macho ya watu?

— Macho yako wewe, Kofia? Wewe huoni hata lori ikija.

— Sikilizeni, hii kitu inapima, Wakili akaendelea. Jicho mpaka jicho, pua mpaka kidevu, kama fundi wa nguo. Halafu inaangalia picha ya kitambulisho chako.

— Ile picha yangu? Hata mke wangu alikataa kwamba ni mimi.

— Basi Brashi, utafungwa kwa makosa ya mtu mwingine.

— Mimi nimesikia inaangalia paji la uso tu, inajua kabila yako.

— Na ukicheka, Kofia akasema, inahesabu meno, inajua utapigia nani kura.

— Wacha wewe!

— Haki ya Mungu. Shemeji yangu anasema wataleta mpaka za ng'ombe. Ng'ombe akiingia kwa mahindi ya mtu, anatambuliwa kwa pua.

— Atapelekwa korti gani huyo?

— Heri ng'ombe, akasema Kofia. Yeye hana uchaguzi mwaka ujao.

Hapo kicheko kikaisha. Nilimwongezea Kofia kahawa ingawa kikombe chake hakikuwa kimefika nusu.

— Swali la nne, Brashi akasema polepole. Sura za watu zikae kwa mashine muda gani kabla ya kufutwa?

— Siku moja, akasema Kofia.

— Siku moja ni kidogo, Mzee. Kesi ya mwizi tu ni miezi.

— Wakili, wewe mwaka ule wa vita vya uchaguzi ulikuwa wapi?

— Nilikuwa Kakamega, kwetu.

— Basi nyamaza. Mimi nilikuwa barabara ya Nakuru. Tukipita Timboroa watu wenye mapanga walitushusha kwa gari, wakatupanga laini. Kila mtu ataje jina lake, wajue kabila. Mimi nikataja jina la mtu tulikuwa tunafanya kazi naye, nikapita. Nyuma yangu kulikuwa na kijana, nyusi ya kushoto imekatwa na kovu hapa katikati. Ana shati tu, baridi ile, anatetemeka. Yeye akataja lake.

— Halafu?

— Halafu nini? Nilitembea. Sikugeuka.

Mwaka ule mimi nilikuwa na miaka kumi. Jirani yetu Jepkemboi alituficha siku sita nyuma ya magunia yake ya mahindi, na kila asubuhi alituletea uji kabla watoto wake hawajanywa.

— Wale waliuliza jina, akasema Kofia. Angalau ungeweza kudanganya. Hiyo ya juu haiulizi. Andika siku moja.

— Na hiyo sura ya kijana kichwani mwako? Brashi akamuuliza kwa sauti ya chini. Imekaa miaka kumi na minane.

— Hiyo haina sheria.

Brashi aliinamia fomu. Kabla hajaandika, mama mmoja mzee alivuka barabara akaja kwetu, viatu vimejaa vumbi, ameshika bahasha kwa mikono miwili. Wakili akasimama, akampa nafasi yake.

— Asante, baba. Naitwa Hulda, nimetoka Ziwa. Wameniambia hapa kuna kamera inajua watu.

— Ndiyo hiyo, Mama, Wakili akaonyesha.

— Nisimame wapi ndiyo ione vizuri?

— Ikuone wewe?

— Hapana. Imuone huyu.

Alitoa picha ya studio. Kijana amesimama mbele ya pazia la buluu, mikono nyuma.

— Mtoto wangu, Cyril. Mwaka wa vita alienda Nakuru kuchukua dada yake. Dada yake alifika mwenyewe, kwa njia ingine. Yeye hakufika. Sasa nimesikia mashine inaweza kumjua mtu hata akizeeka. Ikimwona mahali, itaniambia mimi, ama itaambia polisi tu?

Brashi aligeuza fomu, akatafuta jibu upande wa nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu. Picha ilikuwa imefika mikononi mwa Kofia, naye hakuipitisha. Niliinama begani kwake nikaona nyusi ya kushoto, na kovu.

— Mama Joyline, mpe Mama kahawa, akasema.

Nikainamisha birika. Ilikuwa imeisha. Kofia akampa mama kikombe chake mwenyewe, kisha akavua kofia, kamera ikimtazama, akapiga goti moja vumbini.

— Mama, siku hiyo mashine haikuwako. Mimi nilikuwako. Nilikuwa mbele yake kwa laini, huko juu ya Timboroa. Hakupita, Mama.

Mama Hulda hakulia. Alikiweka kikombe juu ya ubao.

— Alikuwa na sweta? Nilimwambia avae sweta. Timboroa kuna baridi.

— Alikuwa nayo, Mama. Alikuwa ameivaa vizuri.

Wakili alitazama chini. Brashi alifunika kalamu. Msaidizi wa chifu alipofika, swali la nne lilikuwa bado wazi, na hakuna aliyemwambia kwa nini.