Wasifu wa Marehemu Babu Sindano, Mtunza Mbegu za Uyoga

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya treni. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Mama yake alifariki marehemu akiwa mdogo, akalelewa na dada yake mkubwa, ambaye leo amekaa hapa mbele yetu.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya kutwa, akamaliza mwaka 1976. Huko ndiko alikotazama kwenye hadubini kwa mara ya kwanza. Mwalimu aliweka vumbi la uyoga kwenye kioo, wanafunzi wakapanga foleni. Zamu yake ilipofika hakubanduka, mpaka wenzake wakapiga kelele, "Wewe, umelala humo?"

Mwaka 1979 aliajiriwa kuwa fundi wa maabara katika chuo, na huko alifanya kazi mpaka alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kuwaandalia watafiti mbegu za uyoga, ambazo ni vumbi jembamba kuliko unga. Alikata kofia ya uyoga, akailaza juu ya karatasi safi na kuifunika kwa glasi mpaka vumbi lishuke. Vumbi hilo alilikwangua kwa sindano iliyopitishwa motoni, akalichanganya na maji yaliyochemshwa kwenye sufuria ya presha, kisha akalivuta ndani ya bomba la sindano na kuliziba. Mabomba hayo ndiyo yaliyompa jina. Mtaani, mtoto aliyegoma kuoga aliambiwa, "Haya, namwita Babu Sindano." Naye akipita aliwapungia mkono, wao wakatimua mbio.

Alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1988 na karani wa shule. Alipokwenda ukweni mara ya kwanza aliokota uyoga njiani, akaomba glasi, akaufunika juu ya meza ya chakula na kusihi usiguswe.

"Mwanangu, huyu bwana anafanya nini?" mama mkwe alinong'ona.

"Anasubiri vumbi lishuke, mama."

"Haya. Mume anayejua kusubiri si haba."

Mwanzoni mwa mwaka 2022, msitu mdogo ulio mwisho wa barabara ya viwanda ulianza kukatwa ili kujenga maghala. Humo, juu ya magogo yaliyooza, kulikuwa na uyoga mdogo wa rangi ya kutu ambao marehemu hakuwahi kuuona mahali pengine popote, wala watafiti wa chuo. Alikuwa amestaafu, lakini aliwahi kabla ya magogo kuondolewa, akajaza mabomba kumi na mawili. Nia ilikuwa mbegu zile zioteshwe maabara, uyoga usipotee. Chumba cha baridi cha chuo kilikuwa kimeharibika, kwa hiyo aliyahifadhi kwenye friji ya nyumbani.

Mwezi Aprili ugonjwa wa mapafu ulimzidi, akalazwa. Dada yake alihamia nyumbani kusaidia, na katika kuandaa nyumba ya mgonjwa alisafisha kila kona. Marehemu aliporudi, alikwenda kwenye friji kabla hata ya kukaa.

"Dada, mabomba yangu yako wapi?"

"Yale ya maji machafu? Nimeyachoma shimoni na takataka za dawa. Mtoto angejidunga nayo!"

Alifunga mlango wa friji taratibu. "Ahsante, dada. Umechoka, kaa."

Mvua za vuli zilipoanza aliomba apelekwe msituni. Mkewe alimshika mkono, wakitembea na kusimama ili apumue. Mlinzi wa geti akauliza, "Mzee, unatafuta nini?"

"Uyoga."

"Nenda sokoni, mzee wangu. Huku ni saruji tupu."

Baada ya siku hiyo hakuiulizia tena hadubini yake ya nyumbani. Chakula alikionja tu. Mtafiti wa chuo alikuja kwa furaha kusema chumba cha baridi kimetengenezwa, amefuata mabomba. Marehemu aligeukia ukutani, mkewe ndiye aliyejibu.

Alituagiza jambo hili lisomwe hadharani, lisije likanong'onwa pembeni: kwenye kila bomba aliandika namba na tarehe, hakuandika "usitupe". Kosa alisema ni lake. Tulimwambia si lake wala la dada.

Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Novemba 2022, nyumbani, dada yake akimpangusa uso.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na dada yake. Umebaki pia uyoga kwenye vioo vya hadubini, uliotiwa rangi zamani. Unaweza kutazamwa, kuota hauwezi. Tungependa kusema kazi yake inaendelea, lakini yeye hakupenda kuandikiwa lisilo kweli.

Apumzike sasa, na kifua chake kitulie.